Ila ya Taa ya Pikipiki Haimo Katika Balbu

Swali ninaloulizwa kupita maswali mengine yote katika kazi yangu ya umeme wa vyombo vya moto, na ambalo huulizwa kwa maneno yale yale na dereva wa bodaboda mjini Tanga, na mwalimu wa Handeni anayepanda pikipiki alfajiri kwenda shuleni, na kijana aliyenunua chombo chake cha kwanza juzi, ni hili: "Fundi, nifunge balbu ya wati ngapi ili taa yangu iwe kali?" Nimelijibu kwa mdomo mbele ya chombo kilichofunguliwa, nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwa mita mkononi ili muulizaji aone kwa macho yake, na maadam kila nilijibupo hurudi tena kana kwamba halikujibiwa, nimeona ni wajibu kulijibu kwa maandishi, kwa urefu, na bila ya kuficha kwamba subira yangu juu yake imefika ukingoni. Swali lenyewe ni kosa. Aulizaye wati amekwisha kuamini, kabla ya kupima chochote, kwamba ila imo katika balbu, na itikadi hiyo ndiyo inayowagharimu watu wetu fedha, nyaya, betri, na mara nyingine chombo kizima.

Haja ya nuru siikanushi, wala hapana mtu mwenye insafu awezaye kuikanusha. Apandaye pikipiki usiku katika barabara ya Chalinze kwenda Segera, au kati ya Lunga Lunga na Ukunda, hana taa za barabarani za kumsaidia. Mbele yake huenda pakawa na lori bovu lililoachwa njiani bila ya ishara yoyote ila matawi ya miti yaliyotupwa chini na utingo, au ng'ombe mweusi, au mtu aendaye kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hula takriban mita 17 kwa kila sekunde, na dereva mwenye akili timamu na breki nzima huhitaji kadiri ya mita 40 za barabara kavu tangu jicho lilipoona hata gurudumu liliposimama. Taa isiyofichua kitu kwa masafa hayo humfanya dereva aende kwa kubahatisha, na bahati haina dhamana. Kwa hiyo nia ya wanaoniuliza ni njema. Lililo baya ni dawa waliyokwisha kuichagua kabla ya kuujua ugonjwa.

Dawa hiyo ni maarufu mno. Pikipiki iliyotoka kiwandani na balbu ya wati 35 kwa fulu na wati 35 kwa dimu hufungwa balbu ya wati 55 na 60 iliyokusudiwa gari, au balbu ya wati 90 na 100 iliyoandikwa maneno ya fahari juu ya boksi lake. Na kwa kuwa kitako cha balbu ya gari hakilingani barabara na kitako cha balbu ya pikipiki, fundi asiyejali hukata ncha za chuma kwa koleo mpaka iingie. Muuzaji huisifu, mnunuzi huilipia, na jirani yake huiga. Hapana katika hao watatu aliyeuliza jambo moja ambalo lingewaokoa wote: je, balbu ile hafifu ilikuwa ikipata umeme kiasi gani?

Wati zilizoandikwa juu ya balbu ni ahadi yenye sharti. Maana yake ni kwamba balbu ikipewa volti 12 kamili kwenye ncha zake yenyewe, itatumia nguvu ya kiasi hicho. Hazisemi kabisa balbu itatumia kiasi gani ikipewa volti 10, wala hazina uwezo wa kuvuta volti ambazo hazikufika. Na kutofika kwa volti ndiyo habari nzima ya taa hafifu. Katika pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ambazo taa zake hulishwa na betri, njia ya umeme huo ni ndefu na yenye mashaka: hutoka katika chanya ya betri chini ya kiti, ukapita katika fyuzi, ukaenda mbele hadi swichi ya ufunguo, ukapanda usukani mpaka swichi ya taa, ukavuka kwenye swichi ya fulu na dimu, kisha ukateremka hadi soketi ya balbu; na ukiisha kufanya kazi yake hauna budi kurudi katika hasi ya betri kwa waya mwembamba wa ethi au kwa chuma cha fremu yenyewe. Waya huo aghalabu hauzidi sana nusu milimita ya mraba kwa unene wa shaba yake, na shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.035 kwa kila mita. Kwa mita nne za kwenda na kurudi, waya peke yake, ungali mpya na safi, umekwisha kuchukua omu 0.14.

Lakini nyaya zetu si mpya wala si safi. Kila swichi ina vipande vidogo vya shaba vinavyogusana, na kila kiungo cha plastiki kina ncha za bati zilizobanwa tu. Vumbi la Dodoma huingia humo, maji ya mvua na ya kuoshea huingia humo, na sisi wa Pwani tuna hewa ya chumvi ambayo hugeuza shaba kuwa kijani katika muda mfupi. Kila mgusano mchafu huongeza ukinzani wake, na njia niliyoieleza ina migusano mingi. Ethi nayo ndiyo inayosahauliwa kupita vyote, kwa kuwa haina swichi wala haionekani. Nimepima vyombo ambavyo waya wa ethi wa taa ulikwisha kukatika zamani, na umeme wa kurudi ukawa unapenya katika beringi za shingo ya usukani zilizojaa grisi, na mwenye chombo akilalamika kwamba taa hufifia kila akatapo kona. Huyo naye alikuwa ameulizia wati.

Sasa na tutazame kwa nini upotevu huo mdogo huleta giza kubwa. Nuru ya balbu yenye uzi wa tangsteni haipungui kwa kadiri ile ile ya volti. Hupungua kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu uzi unaopoa kidogo tu hupoteza sehemu kubwa ya nuru ionekanayo na kubaki na joto lisilo na faida kwa macho. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nuru hupungua kwa takriban asilimia 30. Zikipungua kwa asilimia 20, nuru iliyosalia haifiki nusu. Ndiyo maana taa yenye njaa ya volti huwa ya manjano, karibu na rangi ya kahawia, na ndiyo maana rangi hiyo yatosha kumwambia fundi mzoefu, kabla hajafungua hata skrubu moja, kwamba anatazama ugonjwa wa nyaya.

Nitafanya hesabu moja, nami namwomba msomaji aifuate hata mwisho, kwani ndani yake mna ithibati yote. Tuseme injini yanguruma na betri ina volti 13.8, na tuseme njia nzima ya umeme, pamoja na swichi na viungo na ethi, ina ukinzani wa omu 0.6, jambo ambalo si geni katika chombo cha miaka michache. Kwa kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, ambayo tangu siku hiyo haijabatilishwa na nyingine, balbu ya wati 35 itavuta mkondo wa karibu ampea 2.9, njia itakula volti 1.8, na balbu itabakiwa na volti 12. Itoe balbu hiyo na mahali pake uweke ya wati 100: mkondo utapanda hadi karibu ampea 6.8, na kwa kuwa upotevu wa njia hukua pamoja na mkondo, njia sasa itakula volti 4 nzima, na balbu kubwa itabakiwa na volti zisizofika 10. Tukiihesabu nuru ya kwanza kuwa 100, nuru ya balbu hii ya wati mia itakuwa karibu 140 tu, ilhali mwenye chombo alitazamia karibu mara tatu. Sasa irudishe balbu ile ile ya kwanza, ya wati 35, na badala yake zitengeneze nyaya mpaka ukinzani wa njia ushuke hadi omu 0.1: balbu itapata karibu volti 13.5, na nuru yake itakuwa karibu 150. Hizi ni tarakimu za kukadiria, kwa sababu ukinzani wa uzi wenyewe hubadilika na joto, walakini haziwezi kupinduka. Balbu ndogo juu ya nyaya nzuri imeishinda balbu kubwa juu ya nyaya mbovu, na imeishinda kwa kutumia nusu ya mkondo. Kuongeza wati juu ya nyaya mbovu ni sawa na kumpa mwenye njaa sahani kubwa zaidi ilhali chakula chake kinamwagika njiani kutoka jikoni.

Na hesabu hiyo ina upande wa pili ulio mchungu zaidi. Volti zilizopotea hazikutoweka duniani. Ziligeuka joto, na joto hilo limo ndani ya swichi na viungo na ganda la waya. Katika hali ya kwanza njia ilikuwa ikipata joto la wati 5, nalo lilikuwa limeenea. Balbu ya wati mia ilipofungwa, joto hilo lilipanda hadi wati 27, yaani zaidi ya mara tano, na sehemu yake kubwa hukusanyika pale penye mgusano mchafu kuliko pote, katika kijisehemu kisichozidi ukucha. Hapo plastiki ya soketi hugeuka kahawia, ikalainika, ikayeyuka. Kiungo kilicholegea kwa kuyeyuka huzidi kuwa na ukinzani. Na ukinzani uliozidi huleta joto lililozidi. Kadhalika swichi ya usukani, ambayo haikuundwa kubeba ampea 7, hunata au hukatika usiku wa manane. Fauka ya hayo, balbu yenyewe hutoa joto ambalo bakuli la plastiki la taa haliwezi kulistahimili, nalo bakuli likiisha kuungua weupe wake wa ndani, hakuna balbu duniani itakayolirudishia nuru. Na magneti ya pikipiki ndogo, ambayo ilipimwa kiwandani kwa ajili ya mzigo wa kiwandani, hushindwa kulisha taa hiyo na kuichaji betri kwa wakati mmoja. Asubuhi mwenye chombo hupiga stata ikakataa, akanunua betri mpya, na huyo tena ni mtu aliyeelekezwa na balbu kwenye hasara ya pili.

Hapa hutokea mtu akasema, naye husema kwa yakini kabisa: "Lakini mimi nilifunga wati mia na tofauti niliiona kwa macho yangu." Simwiti mwongo. Aliona tofauti, na sababu zake nazijua. Kwanza, balbu aliyoitoa ilikuwa kuukuu, kioo chake kimeingia weusi kwa mvuke wa uzi wake, na balbu mpya yoyote, hata ya wati zile zile, ingeng'aa kuliko hiyo. Pili, na hili ni jambo ambalo wachache hulitambua, alipoichomoa soketi na kuirudisha alikwangua kutu iliyokuwa juu ya ncha zake, na kwa kitendo hicho cha bure akaupunguza ukinzani. Sehemu ya nuru aliyoisifia balbu ilitokana na kukwangua huko. Tatu, balbu kubwa iliyokaa vibaya katika kitako kisicho chake humwaga nuru nyingi karibu na gurudumu la mbele, na jicho lionapo ardhi iliyo karibu ikiwaka sana, mboni hujifunga, na kile kilicho mbali, ambacho ndicho kinachoua, huzidi kufichika. Dereva hufurahi kwa nuru iliyo miguuni pake na huku ameshapoteza sehemu ya masafa aliyokuwa akiyaona. Macho ya mwanadamu ni shahidi dhaifu katika jambo hili. Mita haina upendeleo.

Kosa hili lina mtoto wake, naye ni mbaya kuliko mzazi. Fyuzi ya chombo, ambayo iliwekwa kwa mzigo wa awali, hukatika inapotakiwa kubeba balbu kubwa pamoja na honi na taa za ishara; na badala ya kuelewa kwamba ameonywa, mwenye chombo huifunga kwa karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara, au kwa uzi mmoja wa waya, akaendelea na safari. Nisikilizwe hapa vizuri: fyuzi haikuwekwa kuilinda balbu, imewekwa kuulinda waya, na waya huo hupita chini ya tangi la petroli. Aliyeiondoa fyuzi amekubali kwamba siku ganda la waya litakapochubuka na kugusa fremu, kitakachokatika kwanza kiwe ni waya wenyewe, kwa moto, chini ya petroli. Sijui dharura yoyote ya safari iwezayo kuhalalisha tendo hilo, na fundi alifanyaye kwa chombo cha mtu mwingine hastahili kuitwa fundi.

Juu ya balbu za samawati na balbu za LED nitasema machache. Kioo kilichotiwa rangi ya samawati huzuia sehemu ya nuru ya uzi. Basi anunuaye balbu hiyo kwa ajili ya weupe wake amelipa zaidi ili apate pungufu. LED nayo ni jambo zuri likiwa taa nzima iliyoundwa hivyo tangu mwanzo, na lensi yake na bakuli lake. Lakini LED inayochomekwa ndani ya bakuli la balbu ya uzi ni habari nyingine, kwa kuwa bakuli hilo lilipigiwa hesabu kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja mahususi, na chini ya uzi wa dimu mna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia nuru isipande machoni mwa anayekuja. LED nyingi za dukani haziigi mahali hapo kwa usahihi, na matokeo yake ni nuru iliyotawanyika, kali machoni mwa wengine na hafifu barabarani. Anayemtia kiwi dereva wa basi linalokuja mbele yake hajajiongezea usalama; ameutia hatarini uhai wake na wa abiria wote wa basi hilo.

Basi la kufanya ni lipi? Nitalieleza kwa mkato, kwani ukweli ni mfupi kuliko upotofu.

Kwanza pima. Washa injini, izungushe kwa mwendo wa safari, washa taa, kisha weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na ya pili kwenye chanya ya soketi ya balbu kwa nyuma, soketi ikiwa imechomekwa: mita itakuonyesha moja kwa moja volti zilizopotea njiani. Fanya vivyo hivyo kati ya hasi ya betri na ethi ya balbu. Jumla ya nusu volti inavumilika. Ikizidi volti moja, umeupata ugonjwa, na umejua pia uko upande gani.

Pili, ijue asili ya umeme wa taa yako. Zungusha ufunguo bila ya kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka, inalishwa na betri, na maelezo yafuatayo yanakuhusu. Ikikataa mpaka injini iwake, na ikipanda na kushuka pamoja na mafuta, inalishwa moja kwa moja na magneti kwa umeme wa kwenda na kurudi, ambao kipimo chake hutaka mita iliyogeuzwa upande wa umeme huo. Rilei ya kawaida, yaani swichi iamrishwayo kwa umeme ambayo nitaieleza katika hatua ya nne, ikifungwa humo hutetemeka tu. Wala usiihamishie taa hiyo kwenye betri hivi hivi, kwa kuwa katika vyombo vingi vya namna hiyo sehemu ya magneti inayochaji betri ni ndogo na betri italala kabla ya alfajiri. Kazi hiyo hutaka koili ifunguliwe, ethi yake iondolewe katika bodi, na rektifaya ibadilishwe kwa ile itumiayo mawimbi yote mawili. Mpe fundi anayeweza kukueleza mambo hayo kabla hajashika bisibisi. Wengine wote wa kundi hili na watosheke na kusafisha viungo, kutia ethi mpya, na balbu ya wati za kiwandani.

Tatu, anza na usafi. Fungua kila kiungo kilichopo kati ya betri na taa, kikwangue kwa msasa laini, kibane ncha zilizolegea, kipake grisi kidogo, kifunge. Vuta waya mpya wa ethi kutoka kwenye balbu hadi hasi ya betri. Pima tena. Wengi huishia hapa wakiwa wameridhika, bila ya kununua chochote zaidi ya waya na msasa.

Nne, kwa anayetaka kazi kamili, rilei. Maana yake ni kwamba mkondo mkubwa wa taa uache kupita katika swichi za usukani, ambazo zitabaki na kazi ya kuamrisha tu. Chukua rilei mbili za volti 12, moja ya fulu na moja ya dimu. Kutoka chanya ya betri vuta waya wa milimita 2.5 za mraba, na karibu kabisa na betri, kwa masafa yasiyozidi shubiri moja, weka fyuzi ya ampea 10 katika kasha lake. Gawa waya huo uingie mguu namba 30 wa kila rilei. Kutoka mguu namba 87 wa rilei moja, waya wa unene ule ule uende kwenye ncha ya fulu. Na wa rilei ya pili uende kwenye ncha ya dimu. Mguu namba 85 wa kila moja uende ethi. Nyaya za zamani zilizokuwa zikiilisha balbu, ya fulu na ya dimu, ziingie kila moja mguu namba 86 wa rilei yake. Kuanzia sasa hazibebi zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za ampea moja, na swichi zako zitadumu. Kama rilei yako ina alama ya diodi ndani, angalia chanya na hasi ya miguu 85 na 86 kabla ya kufunga. Ethi ya balbu nayo iwe ya milimita 2.5 za mraba hadi betri. Tumia soketi ya kauri kama ya plastiki imeungua.

Tano, ufundi wa mikono. Ncha zibanwe kwa koleo lake au zilehemiwe. Kusokota waya kwa vidole na kuuzungushia tepu si kiungo. Nyaya zipite mbali na silinda na ekzosi, zifungwe katika mrija, na penye shingo ya usukani ziachiwe ulegevu wa kutosha usukani ukatwe kulia na kushoto bila ya kuzivuta wala kuzibana. Rilei zikae miguu chini ili maji yasituame humo.

Sita, pima mara ya mwisho. Taa ikiwa fulu na injini ikiwa katika mwendo wa safari, betri iwe na kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, mzigo wako umeizidi magneti, na hapana nyaya zitakazokusaidia ila kupunguza mzigo. Ikiwa juu ya 15, regulata imekufa, nayo itaua kila balbu utakayoifunga, kwani volti zikizidi kwa asilimia 5 tu umri wa balbu hupungua kwa takriban nusu.

Saba, lenga taa. Simamisha chombo mita 10 kutoka ukutani, dereva akiwa amekaa, na abiria akiwa nyuma kama ndiyo kazi ya chombo hicho, kwa sababu uzito wa nyuma huinua pua ya taa. Ukingo wa juu wa nuru ya dimu uwe chini ya kimo cha kitovu cha taa kwa sentimita 10 au zaidi kidogo. Taa njema isiyolengwa ni madhara kwa wenzako.

Haya yote, tangu kukwangua kutu hata kuilenga taa, ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye mikono mitulivu, na hayadai balbu yenye nguvu kuliko ile aliyoichagua mhandisi wa kiwanda. Mita ndogo ya umeme haipaswi kuhesabiwa anasa na mtu ambaye riziki yake hutoka juu ya pikipiki; ni chombo cha kazi kama spana ya plagi. Kwa hiyo atakayenijia tena na habari ya taa hafifu, namwomba aje na tarakimu mbili, volti za betri na volti za soketi, zote zimepimwa injini ikinguruma na taa ikiwaka. Asiyekuwa nazo asinunue balbu.